Anwani ya Tasnifu: Kitenzi Kikigeuka Nomino

Mwanafunzi akiniletea pendekezo la utafiti, kalamu yangu nyekundu huanzia kwenye anwani: "Kuchunguza Usawiri wa Mwanamke katika Riwaya Teule". Hilo "kuchunguza" si la hapo. Vitenzi vya ku- makao yake ni malengo mahususi: kubainisha, kufafanua, kujadili. Anwani hutaja kitu chenyewe, na kitu hutajwa kwa kirai nomino, yaani fungu la maneno lenye nomino kama kiini chake. "Usawiri wa Mwanamke" inatosha. Nani asiyejua kwamba tasnifu ni uchunguzi? Sentensi nzima, kama "Mwanamke Anasawiriwa Vibaya", ni hukumu iliyotangulia data. Tuwaachie wahariri wa magazeti.

Ugumu huja kitenzi kikishageuka nomino, kwa kuwa mtenda na mtendwa wote huning'inia kwenye -a unganifu ileile, yaani ile -a ya "wa", "ya" na "za" inayounganisha nomino mbili. Chukua "Uhakiki wa Kezilahabi". Nani anamhakiki nani? Euphrase Kezilahabi alitunga mashairi na riwaya, lakini alikuwa mhakiki pia: tasnifu yake ya umahiri, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1976, ilimhusu Shaaban Robert. Anwani hiyo basi ina maana mbili, na zote zinawezekana. Andika "Uhakiki wa Riwaya za Kezilahabi" au "Kezilahabi kama Mhakiki", tujue moja.

Viambishi vya mnyambuliko, kama -ik- na -ish- vinavyogeuza maana ya kitenzi, navyo havikai kimya ndani ya nomino. "Ubadilikaji wa Majina ya Mahali" unaniambia majina yamebadilika yenyewe, midomoni mwa watu, taratibu. "Ubadilishaji wa Majina ya Mahali" unaniahidi mbadilishaji: serikali ya kikoloni, baraza la mji, yeyote yule. "Mabadiliko" hunipa matokeo tu, na hiyo ndiyo salama kwa mtu ambaye bado hajaingia uwandani. Wengi huchagua kwa sikio, kisha sura ya nne inaleta data ya jambo jingine kabisa.

Halafu kuna minyororo. "Athari za Matumizi ya Lugha ya Mtaani ya Wanafunzi": ni matumizi ya wanafunzi, au lugha ya wanafunzi? Upatanisho hausaidii, maana matumizi na lugha zote huchukua "ya". "Matumizi ya Lugha ya Mtaani miongoni mwa Wanafunzi" huukata mnyororo palepale. Mimi nikiona -a unganifu ya tatu, huanza kutafuta pa kupachika "katika", "kwa" au "miongoni mwa".