Si kweli kwamba farasi humwona mbwa aliye nyuma ya mkia wake

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozungushwa kwenye magrupu: eti farasi huona pande zote, hivyo mbwa anayemfuata nyuma hawezi kupigwa teke; na kwa usalama zaidi, kamba ya mbwa ifungwe kwenye tandiko. Yote mawili si sahihi.

Macho ya farasi yako kando ya kichwa, naye huona karibu nyuzi 350. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa: karibu zote si zote. Nyuma ya mkia haoni kitu. Hakiki mwenyewe: farasi akiwa amefungwa, simama mita 5 hivi, uzunguke taratibu kuelekea mkiani. Pale usipoona jicho lake hata moja, naye hakuoni. Mbwa akizuka hapo ghafla, teke hutangulia.

Mbwa akimbie ubavuni, usawa wa bega la farasi, mita 2 au zaidi pembeni, awe ameshazoea kuitwa na kusimama. Kamba ikinasa chini ya mkia au miguuni, farasi hutimka, mbwa huburutwa, na mpandaji huenda chini.

Ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Mrudishie aliyeutuma jaribio la jicho.