Viumbe wa sayari nyingine: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Juzi kati mida ya saa moja na nusu usiku grupu la WhatsApp la mtaa likawaka moto, mtu karusha video ya taa zimejipanga mstari mmoja angani kama shanga, zinatembea bila mlio wowote, chini kaandika neno moja tu, "WAMEKUJA". Nikatoka nje. Mama Shani wa dukani alikuwa ashasimama katikati ya barabara, kashika kipimo cha mkaa mkononi, anazihesabu kwa sauti, alipofika ishirini na kitu zikaanza kuzima moja moja kama mtu anapuliza mishumaa. "Umeona sasa," akaniambia, "na nyie si ndo mnabisha?"

Tuanze na hizo taa basi. Ni setilaiti za Starlink, hizi za intaneti, zinapandishwa nyingi kwa mpigo kwenye roketi moja halafu siku za mwanzo zinafuatana kama siafu kabla hazijasambaa kila moja kwenye nafasi yake. Kundi kubwa la kwanza lilirushwa Mei 2019, zilikuwa 60, na tangu hapo hawajapumzika. Unaziona jioni au alfajiri kwasababu kule juu jua bado linazipiga wakati huku chini kushakuwa giza, na ile kuzima moja moja ambayo ndo iliwatisha watu zaidi ni kwamba zinaingia kwenye kivuli cha dunia, kila moja kwa zamu yake.

Na kitu kutoka angani sio lazima kiwe cha wageni. 30 Desemba 2024 duara la chuma la karibu mita 2.5, uzito kama kilo 500, lilidondoka kijiji cha Mukuku huko Makueni, Kenya, watu wakajaa kushangaa, Shirika la Anga la Kenya likaenda likalichukua na kusema ni kipande cha roketi. Takataka zetu wenyewe zinaturudia.

DHANA: Walishatupigia, ushahidi upo, ile signo ya Wow.

Hii naipenda maana ni ya kweli nusu. 15 Agosti 1977 darubini ya redio (hii haitazami, inasikiliza mawimbi ya angani) iliyoitwa Big Ear, jimbo la Ohio kule Marekani, ilinasa wimbi lenye nguvu kwa sekunde 72. Siku chache baadaye mwanasayansi wao Jerry Ehman akiwa anapitia makaratasi ya kompyuta akakutana na herufi na namba 6EQUJ5, akazizungushia kalamu nyekundu na pembeni akaandika "Wow!". Mpaka hapo ni kweli tupu. Sasa wanachoruka wanaohadithia ni kwamba ile darubini ilikuwa haizunguki, imekaa palepale na dunia ndo inaisogeza, kwahiyo nukta yoyote ya angani ingeonekana sekunde 72 halafu ipite, hamna ujumbe wowote kwenye hiyo 72. Na watu wamerudi kuusikiliza upande ule mara nyingi tu, kimya. Yaani ilikuwa bipu moja, ukipiga wewe namba haipatikani. Huwezi ukasema ni nani alibipu, na huwezi ukaapa kwamba hakuwa mtu.

DHANA: Wanasayansi wanajua, wanaficha.

Hapa ndo tunagombana sana na jamaa zangu. Ripoti zipo, jopo la NASA, shirika la anga la Marekani, lilitoa yao Septemba 2023, wizara ya ulinzi ya Marekani ikatoa yake Machi 2024, zote zinasema hamna ushahidi kwamba vile vitu marubani wanaviona ni vya viumbe wa nje. Najua utaniambia sasa ulitegemea waseme nini. Sawa, tuziache. Angalia tu hawa watu wanavyofanya kazi. 1967 binti mmoja mwanafunzi pale Cambridge, Jocelyn Bell, alikuta mdundo wa redio unapiga kila baada ya sekunde 1.33, sawasawa kama saa, wakaupa jina la utani la watu wadogo wa kijani. Wakazika? Wapi. Akatafuta, akakuta mwingine upande tofauti kabisa wa anga, wakajua hii ni nyota ya aina mpya maana haiwezekani makabila mawili yakae mbali hivyo yaamue kutubipu kwa staili moja, na Februari 1968 ikachapishwa kwenye jarida, dunia nzima ikasoma.

Kingine kizuri zaidi ni cha Parkes, Australia. Darubini yao ilikuwa inanasa mawimbi ya ajabu ya muda mfupi kuanzia 1998, yanakuja yanapotea, cha kushangaza yanakuja zaidi mida ya kazi. Wakahangaika nayo weee mpaka 2015 ndo wakagundua chanzo ni maikrowevu ya palepale kituoni, mtu ana njaa hawezi kungoja, anafungua mlango kabla haijamaliza kuhesabu, wimbi linachomoka. Na hii aibu wakaiandika wenyewe na kuichapisha! Watu wa kuficha siri ndo hawa?

DHANA: Wangekuwepo tungeshawasikia, kwahiyo tupo peke yetu.

Hii ni ya wale wanaojiona wajanja kuliko wa grupu la mtaa, na mimi naona wanakosea vilevile. Kutafuta kwa darubini za redio kulianza 1960, mwanasayansi wa Marekani Frank Drake aliangalia nyota mbili tu. Galaksi yetu peke yake ina nyota zaidi ya bilioni 100. Mwaka 2018 kuna watafiti walipiga hesabu ya kila kilichosikilizwa hadi wakati ule, wakasema kama anga lote ni bahari zote za dunia basi tumechota kama lita 7,700, yaani simtanki moja. Ndo uchungulie kwenye simtanki useme baharini hamna changu.

Na umbali jamani. Chombo cha anga cha Voyager 1 kinakimbia kama kilomita 17 kwa sekunde, kwa mwendo huo unatoka Dar unafika Mwanza dakika haijaisha, lakini kusafiri umbali wa kutoka hapa hadi nyota ya jirani kabisa baada ya jua letu ingechukua zaidi ya miaka 70,000.

Halafu kuna wanaosema hesabu ishathibitisha wapo, kwasababu sayari nje ya mfumo wetu zimeshapita 6,000 zilizogunduliwa. Idadi ni sahihi, ila uhai sio akili. Hapa kwetu uhai una miaka bilioni 3.5 au zaidi, na muda mrefu kabisa wa hiyo ilikuwa vijidudu tu, redio ina miaka mia na kidogo. Hata ile sayari ya K2-18b iliyotikisa vichwa vya habari 2025, kilichodaiwa kuonekana ni dalili ya gesi ambayo huku inatolewa na vijidudu vya baharini, na wanasayansi wengine walipozirudia zile data wakasema hazitoshi. Mfano wa uhai tulionao ni mmoja, huu wetu, na kwa mfano mmoja huwezi kupiga wastani.

Wapo wanaosema ni majini, hapo mi sina darubini.

Nikamweleza Mama Shani yote haya kesho yake nikinunua unga, akasikiliza vizuri tu, akachangamka nilipofika kwenye ile sahani ya dhahabu waliyoiweka kwenye Voyager mwaka 1977, ina salamu za lugha 55 endapo atatokea wa kuiokota. Akauliza, na sisi tumo? Nikamwambia kuna wimbo wa mabinti wa Kimbuti kutoka Kongo, na salamu za Kiganda zipo, za Kichewa zipo, Kiswahili hakimo.

Akaacha kupima. "Kwahiyo mwanangu wakija hapa hata shikamoo hawajui?"