Je, wajua samaki aliyebandika mdomo kiooni anapumuaje?

Mpwa wangu aliniuliza hivyo mbele ya tangi letu hapa Kampala, nami nikajibu bila kusita: "Kwa pua." Kambale mla mwani ana matundu ya pua yanayoonekana wazi, na mdomo umeganda kiooni. Hata mfano nilikuwa nao. Mtoto akinyonya kikombe cha plastiki hadi kikamganda usoni, si anaendelea kupumua kwa pua?

Nilimdanganya mtoto wa watu. Pua ya samaki huyu ni ya kunusa tu: maji huingia kwenye kishimo na kutokea palepale juu, hayafiki kooni. Kikombe changu kilikuwa mfano mzuri wa mnyama mwingine, yaani sisi.

Kambale hawa, jamii ya Loricariidae yenye spishi zaidi ya 900, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Mdomo uleule unaoshika kioo na kukwangua mwani ndio unaovuta maji ya kupumua. Fikiria nyumba yenye baraza na chumba. Baraza ni nafasi iliyo kati ya midomo na kioo. Chumba ni kinywa chenyewe. Baraza lina vijinjia viwili vyembamba, kimoja kila upande, nyuma ya sharubu. Samaki akivuta pumzi, maji hupenya humo kidogokidogo, na kwa kuwa njia ni finyu, mshiko haupotei. Akisukuma maji kwenda kwenye matamvua, viungo vyake vya kupumulia, mlango wa chumba, yaani vali iliyo nyuma ya mdomo wa juu, hufungwa, yasije yakarudi barazani na kumbandua. (Waliochunguzwa kwa karibu ni spishi chache, basi tusiwasemee wote 900.)

Umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, samaki wetu huyu huonyesha kituko kingine. Oksijeni ikipungua majini, hupanda juu, humeza hewa, na tumbo lake lenye mishipa mingi ya damu huinyonya. Kambale wetu wa Ziwa Victoria, emmale kwa Waganda, naye hupumua hewa, ila kwa kiungo kilicho juu ya matamvua. Huyu mgeni anatumia tumbo lilelile la chakula.

Nilimrudia mpwa nikamsahihisha. Sasa anauliza kama samaki huyo hubeua. Safari hii sikukurupuka.