Pandeni Ndege Mwanzoni: Njia ya Melaleuca, Tasmania

Wanaojiandaa kutembea South Coast Track, njia ya takriban kilomita 85 katika pwani ya kusini ya Tasmania, Australia, huniuliza kama wapande ndege mwanzoni au mwishoni mwa safari. Mimi ni mwongozaji wa matembezi ya nyikani, na jibu langu ni mwanzoni. Melaleuca, kwenye ncha ya magharibi ya njia, haifikiwi kwa barabara. Ina kiwanja kidogo cha changarawe nyeupe ambacho Deny King, mchimbaji wa bati, alikijenga katika miaka ya 1950. Barabara iko ncha ya pili, Cockle Creek. Rubani wa ndege ndogo hulazimika kuiona ardhi kwa macho yake, na pepo za magharibi zinazotoka baharini huweza kuifunika milima kwa mawingu hata siku nzima au zaidi. Anayeahirishiwa safari akiwa Hobart, mji mkuu wa Tasmania, ana pa kulala na pa kununua chakula, ilhali aliyefika Melaleuca kwa miguu huenda anasubiri huku akiba yake inakwisha.

Abiria na mizigo hupimwa uzito kabla ya kuruka. Gesi na mafuta ya jiko havipakiwi pamoja na abiria, kwa hiyo agizeni mapema kwa kampuni ya ndege ili mvikute Melaleuca; karibu njia yote moto wa kuni umepigwa marufuku.

Safari yenyewe haifiki saa moja, nami nasisitiza kila abiria awe na ramani mapajani, kwa kuwa huo ndio wakati pekee wa kuiona nchi nzima kabla ya kuikanyaga. Kijani kizito ni msitu wa mvua. Maeneo ya rangi ya dhahabu iliyofifia, ambayo kutoka juu yanaonekana laini kama zulia, ndiyo yanayowadanganya wengi: ni nyasi zinazoota kwa mafundo juu ya mboji iliyojaa maji, na mguu huweza kuzama hadi gotini. Milima nayo hujificha, kwa sababu anayeitazama kutoka juu huiona imelala. Safu ya Ironbound, ambayo njia huipanda kutoka karibu na usawa wa bahari hadi takriban mita 900, huonekana kama mkunjo tu mpaka ndege ishuke na uitazame kwa ubavu. Hapo ndipo kontua za ramani, yaani mistari inayoonyesha kimo cha ardhi, zinapopata maana.

Rubani akifuata pwani, itazameni New River Lagoon, wangwa ulio kando ya bahari. Hapo watembeaji huvuka kwa mashua za makasia, na ni lazima kuacha mashua kila ukingo, jambo linalomaanisha kupiga makasia zaidi ya mara moja. Mkiona mawimbi meupe juu ya maji hayo, upepo kama huo mkiukuta siku ya kuvuka, subirini utulie.