Aki Riihilahti na kiti cha HJK: yanayosemwa na yalivyo

Mchezaji akitundika daluga halafu akaonekana ofisini, midomo haifungwi. Aki Riihilahti, kiungo wa zamani wa Finland aliyekuja kuwa mtendaji mkuu wa HJK Helsinki, naye hakusalimika.

"Kapewa kwa sababu ya jina."

Jina lipi? Kwa majina, Finland ina Jari Litmanen, bingwa wa Ulaya na Ajax mwaka 1995, na Sami Hyypiä aliyebeba kombe hilohilo na Liverpool mwaka 2005. Hyypiä alishika ukocha. Riihilahti alikuwa kiungo wa kukaba na kukimbia, aliyepanda Ligi Kuu ya England na Crystal Palace mwaka 2004 na kushuka nayo msimu uliofuata. Hata bao lake mashuhuri, dhidi ya England pale Anfield Machi 2001, Waingereza huliandika kuwa Gary Neville kajifunga. (Mimi nampa yeye, kichwa kilikuwa chake.) Alichowazidi wenzake ni kalamu, maana aliandika makala tangu akiwa mchezaji, tena kwa Kiingereza. Na HJK aliijua toka ndani: alikuwamo kwenye kikosi cha 1998, klabu ya kwanza ya Finland kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa.

"Mtendaji mkuu ndiye anayepanga timu."

Hapana. Kikosi ni cha kocha, usajili una mkurugenzi wake wa michezo. Mtendaji mkuu anahangaika na wadhamini, mishahara, uwanja na akademi.

"Ligi yao ndogo, kazi yenyewe nyepesi."

Hapa ndipo watu wanapopotea kabisa. Ligi ya Finland ina timu 12, huchezwa kuanzia Aprili hadi vuli, na uwanja wa HJK unachukua watu elfu kumi na kidogo. Ukitegemea viingilio peke yake hufiki mbali. Fedha nene iko Ulaya, na mlango wake uko Julai na Agosti, kwenye mechi za mchujo ambazo shabiki wa Nairobi au Mwanza hata hajui kama zinachezwa.

Chukua mwaka 2022. HJK ilianza mchujo wa Ligi ya Mabingwa kwa kuitoa RFS ya Latvia kwa penalti, kisha ikatolewa na Viktoria Plzeň ya Czech na kuangukia mchujo wa Ligi ya Europa, mashindano ya pili kwa ukubwa, ikakutana na Maribor ya Slovenia. Mechi ya mwaka ilikuwa hiyo. Ukimtoa Maribor, hatua ya makundi umeshaipata hata ukifungwa raundi inayofuata: ukishindwa unashuka Ligi ya Konferensi, ya tatu kwa ukubwa, na euro milioni 2.94 za kushiriki, ukishinda unabaki Europa na milioni 3.63. Ukifungwa na Maribor, huna uhakika wa hata moja. HJK ilimtoa Maribor, ikamtoa na Silkeborg ya Denmark, ikapangwa na Roma, Real Betis na Ludogorets. Ikaambulia pointi moja. Mashabiki waliuona msiba. Mhasibu nadhani alilala vizuri. Wakati huohuo mikataba ya wachezaji ilikuwa imesainiwa miezi mingi nyuma, kabla yeyote hajajua kama fedha hiyo itakuja.

Riihilahti aliingia pia kwenye bodi ya ECA, chama cha klabu za Ulaya, na huko ndiko klabu za ukubwa wa HJK hupigania mgawo wao wa fedha hizo za Ulaya usizidi kupungua.

"Hata shirikisho lao linaongozwa na wachezaji wa zamani."

Mara nyingine. Pertti Alaja, kipa wa zamani wa timu ya taifa, alikuwa rais wa Palloliitto, yaani shirikisho la soka la Finland, kuanzia 2012 hadi alipofariki 2017. Lakini aliyemtangulia ni Sauli Niinistö, mwanasheria na mwanasiasa, ambaye mwaka huohuo wa 2012 alikuwa rais wa nchi. Aliyefuata, Ari Lahti, ni mtu wa mambo ya fedha. Halafu kiti hicho ni cha kura. Riihilahti hakupigiwa kura na mtu: aliajiriwa.