Vikwazo dhidi ya viongozi: maana yake nini hasa?

Tarehe 31 Januari 2020, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kuwa Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, haruhusiwi kukanyaga Marekani, yeye na mkewe. Sababu waliyoitoa Wamarekani ilikuwa nzito: kuhusika na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, ukiwamo wa haki ya watu kuishi, kuwa huru na kuwa salama. Jambo la namna hii likifika mitaani hufupishwa kwa maneno mawili, "kawekewa vikwazo", na anayesikia hudhani kuwa akaunti zimefungwa, mali zimeshikwa na kesi iko njiani. Katika tangazo lile hakikuwamo hata kimoja kati ya hivyo. Alifungiwa mlango wa kuingilia nchi moja, basi.

Naanza hapo kwa sababu neno vikwazo tumelitwisha mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Anayeumia zaidi kwa kosa hilo ni yule aliyedhulumiwa, kwa kuwa hulisikia redioni na kuamini kwamba haki yake imeanza kutendeka.

Neno lenyewe linasema kweli kuliko sisi tunaolitumia. Kikwazo ni kitu cha kumkwaza mtu njiani: kisiki, jiwe, kamba. Humfanya ajikwae, lakini hakimfungi wala hakimhukumu. Katika mambo ya kimataifa, vikwazo ni hatua ambazo nchi, kundi la nchi au Umoja wa Mataifa huchukua ili kumnyima mtu, kampuni au taifa zima kitu anachokihitaji kutoka nje: biashara, silaha, mikopo, safari, huduma za benki.

Kwa muda mrefu vikwazo vilikuwa vya taifa zima. Agosti 1990, siku chache baada ya Saddam Hussein kuivamia Kuwait, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliifungia Iraki karibu biashara yote. Saddam aliendelea kutawala hadi 2003. Waliokonda ni raia, na dawa zilizopungua hospitalini hazikupungua kwake. Kutokana na aibu hiyo, wanasheria na wanadiplomasia wakaanza kuuliza: kwa nini tusimshike mkosaji mwenyewe, kwa jina lake, kwa pasipoti yake, kwa akaunti yake, tukawaacha watu wake? Hapo ndipo vilipokuja vikwazo vya kulenga watu binafsi.

Jina utakalolisikia sana katika habari hizi ni Magnitsky. Sergei Magnitsky alikuwa mtaalamu wa kodi mjini Moscow. Akimfanyia kazi mwekezaji Bill Browder, aligundua kwamba kampuni za mteja wake zilikuwa zimeporwa kwa hila, kisha zikatumiwa kujirudishia dola milioni 230 za kodi kutoka hazina ya Urusi. Aliwataja maofisa anaowatuhumu. Novemba 2008 akakamatwa, akakaa rumande karibu mwaka mzima bila kesi kusikilizwa, akaugua na kunyimwa matibabu, na tarehe 16 Novemba 2009 akafia gerezani akiwa na miaka 37. Browder hakukubali yaishie hapo. Alizunguka kwa wabunge wa Marekani kwa miaka mitatu, na Desemba 2012 Rais Obama akatia saini sheria yenye jina la marehemu, iliyowalenga Warusi waliohusishwa na mkasa ule na wengine wa aina yao. Miaka minne baadaye, Desemba 2016, ikapitishwa nyingine pana zaidi, inayomgusa mtu wa nchi yoyote anayetuhumiwa kwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu au rushwa kubwa. Kanada ilifuata 2017. Uingereza na Umoja wa Ulaya walitunga kanuni zao 2020, na Australia 2021.

Sasa tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Cha kwanza ni marufuku ya viza, kama ile ya Makonda. Hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje na huishia mpakani. Cha pili ni kuzuiwa kwa mali, kazi inayosimamiwa na Wizara ya Fedha ya Marekani, na hicho ndicho kinachouma. Ukiandikwa katika orodha ya wizara hiyo, mali yako yoyote iliyo Marekani au mikononi mwa Mmarekani huganda. Haichukuliwi, inabaki kuwa yako, ila huwezi kuigusa, kuiuza wala kuihamisha. Kampuni ambayo wewe na wenzako walioorodheshwa mnamiliki nusu au zaidi nayo huganda hata kama haikutajwa. Na Mmarekani yeyote, mtu au benki, hukatazwa kufanya biashara na wewe.

Mtu atasema: jenerali wa Kampala au mfanyabiashara wa Kinshasa ana shida gani na katazo la Wamarekani? Shida ni dola. Fedha ya dola ikitumwa kutoka benki moja kwenda nyingine, hata kama anayetuma yuko Entebbe na anayepokea yuko Dubai, kwa kawaida hupitia benki yenye ofisi Marekani. Ikifika huko, jina lako hulinganishwa na orodha na malipo yakasimama. Benki ya hapa kwetu inalijua hilo vizuri. Haitaki kukosana na benki ya New York inayoipitishia dola za wateja wake wote kwa ajili ya mteja mmoja, hivyo mara nyingi humfungia mtu huyo mlango hata pale ambapo sheria ya nchi yake haiidai. Kwa hiyo nguvu za orodha hizi ziko zaidi katika hofu ya benki kuliko katika mali inayoganda Marekani, maana si kila anayetesa watu ana nyumba Miami.

Ukanda wetu una mifano mingi. Desemba 2017, Marekani ilipotoa orodha ya kwanza chini ya sheria ile pana, mmoja wa waliotajwa alikuwa Dan Gertler, tajiri wa Israeli na rafiki wa Joseph Kabila, Rais wa Kongo wakati huo. Wamarekani walisema kwamba kati ya 2010 na 2012 pekee Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36, kwa migodi kuuzwa kwa bei ya chini kwa kampuni zenye uhusiano naye. Mwenyewe amekana kosa. Septemba 2019 ikafika zamu ya Jenerali Kale Kayihura, aliyekuwa Mkuu wa Polisi wa Uganda, kwa yale yaliyosemwa kutendwa na askari wa chini yake kwa mahabusu, wakiwamo wa kituo cha Nalufenya kule Jinja. Desemba 2021 akaandikwa Meja Jenerali Abel Kandiho, mkuu wa ujasusi wa kijeshi wa nchi hiyohiyo, kwa madai ya watu kukamatwa, kupigwa na kuteswa na maofisa wake.

Je, viliwabadilisha? Hapa lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Januari 2022 Kandiho aliondolewa kwenye ujasusi, na muda si mrefu akapewa cheo kikubwa katika polisi. Makonda alikuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM kufikia Oktoba 2023, kisha Mkuu wa Mkoa wa Arusha. Emmanuel Ramazani Shadary aliwekewa vikwazo na Umoja wa Ulaya Mei 2017 alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kongo, na mwaka uliofuata Kabila akamteua kuwa mgombea urais wa upande wake. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele: wahenga waliisema methali hiyo kumtia moyo mwenye nia njema, lakini kisiasa imewafaa na hawa. Mtawala wa nyumbani akiona mtu wake ameandikwa na wageni, mara nyingi humkumbatia zaidi, kwa kuwa mtu asiye na pa kukimbilia nje huwa mtiifu zaidi ndani.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha Corneille Nangaa. Aliwekewa vikwazo na Marekani Machi 2019 kwa tuhuma za rushwa alipokuwa akiongoza tume ya uchaguzi ya Kongo. Desemba 2023, akiwa Nairobi, alitangaza muungano wa kisiasa na kijeshi uitwao AFC, unaoshirikiana na waasi wa M23. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, ikaanguka mikononi mwao. Wiki tatu baadaye Marekani ikamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri katika serikali ya Rwanda, kwa kuiunga mkono M23. Kwa mama aliyebeba godoro kichwani akitoka Goma, orodha zote hizo hazikuzuia hata risasi moja.

Halafu kuna swali la nani anaandikwa na nani anaachwa. Mwandishi Jamal Khashoggi alipouawa katika ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul mwaka 2018, Marekani iliwawekea vikwazo Wasaudi 17. Februari 2021 serikali hiyohiyo ilitoa ripoti ya majasusi wake iliyosema kuwa Mrithi wa Ufalme, Mohammed bin Salman, ndiye aliyeidhinisha operesheni ile. Yeye hakuandikwa. Kwa upande mwingine, Machi 2024 Marekani iliufuta mpango wake wa vikwazo wa Zimbabwe na badala yake ikamwandika Rais Emmerson Mnangagwa mwenyewe, mkewe na makamu wake, akiwa bado Ikulu. Ni vigumu kumweleza Mwafrika kwamba mizani hiyo ni moja. Ndiyo maana wakuu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walipokutana Dar es Salaam Agosti 2019 na kuitenga tarehe 25 Oktoba kuwa siku ya kupinga vikwazo vya Zimbabwe, walipata wasikilizaji, ingawa hoja yao iliwaficha ndani ya umma viongozi ambao majina yao ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi.

Silaha hii pia humtii yeyote anayeishika. Gertler alipewa kibali cha kulegezewa kamba kimyakimya Januari 2021, siku za mwisho za Trump madarakani, na kikafutwa Machi baada ya kelele za watetezi, Wakongo wakiwamo. Septemba 2020 Marekani ilimwekea vikwazo Fatou Bensouda, Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, kwa sababu ya uchunguzi wa Afghanistan uliogusa askari wa Marekani. Viliondolewa Aprili 2021, lakini Februari 2025 mrithi wake, Karim Khan, naye akaandikwa. Zana iliyotengenezwa kuwabana watesaji ikawabana wanaowashtaki watesaji. Mimi hilo naliona kuwa jeraha kubwa zaidi kwa dhana hii kuliko udhaifu wake mwingine wowote.

Pamoja na hayo siko upande wa wanaosema vikwazo vya mtu binafsi ni upuuzi mtupu. Fikiria mtu aliyeteswa katika nchi ambayo polisi anayepokea malalamiko ndiye aliyempiga, na hakimu anaogopa kulitaja jina la mkuu wa kikosi. Kwake, tangazo la serikali ya nje lenye jina kamili na cheo cha mkosaji huenda likawa karatasi ya kwanza rasmi kukiri kwamba alichokipitia kilitokea. Karatasi hiyo haishuki kutoka mbinguni. Sheria ya Marekani ya 2016 inataka serikali izingatie taarifa za kuaminika zinazokusanywa na mashirika yanayofuatilia haki za binadamu. Maana yake ni kwamba nyuma ya jina moja kuna mawakili na waandishi wa hapahapa kwetu waliokaa na walioumizwa, wakaandika tarehe, jina la kituo, namba ya gari, nani alitoa amri na nani aliijua akanyamaza. Faili la namna hiyo haliozi. Lisipofaa leo kwenye vikwazo, litafaa kesho mahakamani.

Gambia imetuonyesha hatua zote hizo katika nchi moja ndogo, nchi hiyohiyo anakotoka Bensouda. Yahya Jammeh alikimbilia Guinea ya Ikweta Januari 2017 baada ya kutawala miaka 22, na Desemba ya mwaka huo akawa katika orodha moja na Gertler. Tangu wakati huo, kazi kubwa imefanywa na mahakama. Mei 2024, mahakama ya Uswisi ilimfunga miaka 20 Ousman Sonko, waziri wake wa mambo ya ndani wa zamani, kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Ushahidi ulitolewa na Wagambia walioteswa, waliosafiri kwenda kumtazama usoni. Jammeh mwenyewe angali uhamishoni. Lakini nyumba ya kifahari ya Potomac, jimbo la Maryland, iliyonunuliwa kwa takriban dola milioni 3.5 ambazo waendesha mashtaka wa Marekani walisema zilitokana na rushwa yake, ilitwaliwa kwa amri ya mahakama Mei 2022. Wizara ya Sheria ya Marekani ikasema itapendekeza kwamba itakapouzwa, fedha ziwafaidi Wagambia walioumizwa na utawala wake.