Wahawaii wa asili: tunayoambiwa na yaliyopo

Picha ya Hawaii inayozunguka mitandaoni ni ile ile: ufukwe, shada la maua shingoni, binti anayecheza kwa sketi ya majani makavu, na nyuma yake hoteli. Ukiishia hapo utaamini kwamba utamaduni wenyewe ulishakwisha na kilichobaki ni maonyesho ya watalii. Mimi naona kosa kubwa ndilo hilo, na mengine yanazaliwa nalo. Utamaduni wa Wahawaii haukujifia tu kama mzee aliyekula chumvi nyingi. Ulibanwa kwa maamuzi ya watu, yenye tarehe na sahihi, na wanaourudisha leo wanapigana na maamuzi hayo moja baada ya jingine.

Dhana: Kila mkazi wa Hawaii ni Mhawaii

Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama milioni 1.45 katika jimbo hilo. Wenye asili ya visiwa hivyo ni takribani mmoja kati ya watano. Wengine wengi ni wazao wa vibarua wa mashamba ya miwa waliotoka Japani, China, Ufilipino na Ureno, na Wamarekani waliohamia baadaye. Sensa hiyo hiyo iliwakuta Wahawaii wa asili, wakiwemo waliochanganya damu, wapatao 680,000 Marekani nzima, na zaidi ya nusu yao wanaishi nje ya visiwa. Nyumba huko kwao zimekuwa ghali kupita kiasi. Las Vegas ina Wahawaii wengi hata wenyewe huuita kwa utani kisiwa cha tisa.

Dhana: Walijiunga na Marekani kwa ridhaa yao

Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba kilimpindua Malkia Liliʻuokalani huku wanajeshi wa Marekani wakiwa wameteremka Honolulu. Mwaka 1897 Wahawaii walizunguka visiwa vyote kukusanya sahihi za kupinga nchi yao kumezwa, wakapata zaidi ya 21,000, wakati Wahawaii wote hawakufika hata mara mbili ya idadi hiyo. Mwaka uliofuata wakamezwa hivyo hivyo. Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi 1993, miaka mia baadaye. Ardhi haikurudi.

Dhana: Kihawaii ni lugha iliyokufa, tena ya mdomo tu

Hapa ndipo penye mengi. Gazeti la kwanza la Kihawaii lilichapwa Lahainaluna, Maui, mwaka 1834. Kuanzia hapo hadi 1948 yalitoka magazeti karibu 100 kwa lugha hiyo, kurasa zaidi ya 125,000: siasa, habari za ulaya, matangazo ya vifo, ugomvi wa wahariri, ngano za wahenga zilizotoka kwa mfululizo wiki hadi wiki. Katika karne ya 19 ufalme huo ulikuwa miongoni mwa nchi zenye wasomaji wengi zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Leo watafiti wa mila, hali ya hewa na uvuvi wanarudi kwenye kurasa hizo kutafuta yaliyosahaulika.

Kilichoiangusha lugha ni sheria. Mwaka 1896, miaka mitatu baada ya mapinduzi, serikali mpya iliamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote, za umma na za binafsi. Shule isiyofuata haitambuliwi. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani, na wazazi wakaanza kuwaficha lugha ili wasipigwe. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni hahitaji kuelezwa zaidi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, ukiondoa kisiwa kidogo cha Niʻihau ambako Kihawaii hakikuwahi kukatika, watoto waliokijua vizuri hawakuzidi 50.

Katiba ya jimbo ilikuwa imeshakitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi tangu 1978, lakini karatasi haifundishi mtoto kuongea. Mwaka 1983 wazazi na walimu wachache walianzisha shirika la ʻAha Pūnana Leo, wakichukua mfano wa Wamaori wa New Zealand, na 1984 wakafungua shule ya chekechea ya kwanza Kekaha, Kauaʻi, isiyosema lugha nyingine yoyote. Kisheria walikuwa wanavunja amri ya zamani, kwani iliondolewa 1986 tu. Mzazi halipi ada akaondoka: anatoa saa zake za kazi shuleni na anahudhuria darasa la lugha yeye mwenyewe, maana mtoto akirudi nyumbani akakuta Kiingereza kitupu, kazi ya mchana imepotea.

Kutoka chekechea wakasogea hadi sekondari. Katika shule ya Nāwahī, karibu na Hilo, hesabu, sayansi na historia vyote ni kwa Kihawaii. Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la tano, kama somo. Wanafunzi wa kwanza walihitimu 1999. Chuo Kikuu cha Hawaii kilichopo Hilo kinatoa hadi shahada ya uzamivu kwa lugha hiyo. Siku hizi watu takribani 18,000 husema kwamba wanaitumia nyumbani. Wengi wao ni wanafunzi wa lugha, siyo waliozaliwa ndani yake, na wazee wa Niʻihau wakati mwingine hulalamika kwamba Kihawaii cha darasani kina ladha ya kitabu. Hoja yao ina uzito. Lakini lugha yenye watoto wanaogombana kwayo uwanjani ina tatizo dogo kuliko ile iliyobaki makumbusho.

Dhana: Wamisionari ndio walioivunja dini ya kale

Tarehe zinakataa. Wamisionari kutoka Boston walifika 1820. Mwishoni mwa 1819 mfalme kijana Liholiho, kwa msukumo wa Kaʻahumanu na Keōpūolani, wajane wenye nguvu wa baba yake, mfalme Kamehameha, alikaa akala pamoja na wanawake mbele za watu. Kwa mwiko wa zamani hilo lilikuwa jambo la kuuawa; wanawake hawakuruhusiwa hata ndizi, nazi wala nyama ya nguruwe. Baada ya mlo huo mahekalu yakaamriwa kubomolewa. Kekuaokalani, binamu yake mfalme, alishika silaha kuitetea dini, akauawa vitani Kuamoʻo.

Wamisionari walikuta dini ya dola imeanguka, wakaanza kubana yaliyobaki majumbani. Hayo hayakwisha. Familia nyingi za Kikristo hadi leo zina mlinzi wao wa ukoo, pengine papa au bundi, na hazioni mgongano wowote.

Dhana: Hula ni burudani

Kaʻahumanu, akiwa ameshabatizwa, aliipiga marufuku hula, ngoma ya asili ya Wahawaii, hadharani 1830. Baadaye ikaja sheria ya leseni. Mfalme Kalākaua ndiye aliyeirudisha mbele ya umma kwa kishindo, kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883, na wakosoaji wake wakachukizwa kweli kweli. Tamasha la Merrie Monarch linalofanyika Hilo kila mwaka limebeba jina lake la utani, na mashindano yake ya hula yalianza 1971.

Zile sketi za majani makavu, kwa taarifa yako, si za Hawaii: zililetwa na watu wa visiwa vya Gilbert. Ukulele nao ulizaliwa kutokana na vigitaa vya Wareno wa Madeira waliofika 1879. Hula ya kale haihitaji ukulele. Inakwenda na utenzi unaoghaniwa, kibuyu, na ngoma ya shina la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa. Mwanafunzi anakaa miaka chini ya mwalimu wake, na majani anayovaa anayachuma mwenyewe msituni, akiomba ruhusa kwa sala kabla hajavunja tawi. Kuvu lilipoanza kuua miti ya ʻōhiʻa kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaiʻi, vyuo vingi vya hula viliacha kuvaa ua lake, lehua, ili wasisambaze ugonjwa. Ua hilo ni la miungu wa kike Laka, wa hula, na Pele, wa volkano. Kuliacha halikuwa jambo dogo.

Dhana: Hoʻoponopono ni maneno manne ya kurudia kitandani

"Samahani, nisamehe, asante, nakupenda." Maneno hayo yanauzwa duniani kote kama siri ya kale ya Hawaii. Mganga Morrnah Simeona aliibadilisha desturi hiyo ya upatanisho miaka ya 1970 na 1980 ili mtu aifanye peke yake, na waliomfuata wakaifupisha zaidi.

Hoʻoponopono ya mila ni kikao cha familia. Mzee anafungua kwa sala na kulitaja tatizo. Kila mmoja anasema, lakini anamwambia mzee, hamwambii mgomvi wake uso kwa uso. Hasira zikipanda, mzee anaamuru kimya, hata cha saa nzima. Kisha anayekosa anakiri, anayekosewa anasamehe, fidia inapangwa, na jambo linakatwa: kulitaja tena ni kosa jipya. Wanamaliza kwa sala na chakula. Miaka ya 1960 Mary Kawena Pukui, mjuzi wa lugha na mila, alifanya kazi na kituo cha watoto cha Queen Liliʻuokalani kuirudisha kwenye familia zenye migogoro. Haiwezekani bila watu wengine chumbani, ndiyo maana haiuziki kirahisi.

Na kile kisa cha laana ya Pele kwa anayebeba jiwe la volkano? Hakina mizizi katika mila. Ni cha karne ya 20, cha kuwatisha watalii. Pele mwenyewe anaheshimiwa hadi leo, bila kisa hicho.

Dhana: Wanapinga sayansi

Hii ilisambaa Julai 2019, maelfu walipofunga barabara ya Mauna Kea, mlima wa mita 4,207, kuzuia darubini ya kipenyo cha mita 30. Wazee zaidi ya 30 walikamatwa. Kileleni tayari kulikuwa na darubini 13. Waliohojiwa walisema jambo lile lile: mlima ni mtakatifu, na hakuna aliyewauliza.

Watu hao hao, mwaka 1976, waliivusha Hōkūleʻa, mashua ya mitumbwi miwili iliyounganishwa, kutoka Maui hadi Tahiti bila dira wala ramani, ikiongozwa kwa nyota na mawimbi na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, kwa kuwa Hawaii haikuwa na nahodha aliyebaki na elimu hiyo. Safari ya kuzunguka dunia ya 2014 hadi 2017 iliifikisha Mauritius na Cape Town. Ngalawa zetu, na zile mbao zake mbili za ubavuni, wanahistoria wengi wanazihusisha na mabaharia wa ukoo wa lugha za Kiaustronesia, ambao Kihawaii kimo ndani yake, waliovuka Bahari ya Hindi kale.

Shimo jeusi lililopigwa picha 2019 lilipewa jina la Pōwehi na Larry Kimura, profesa wa Kihawaii wa Hilo, kutoka utenzi wa uumbaji, kwa sababu darubini mbili za Mauna Kea zilishiriki kulipiga. Sheria ya 2022 iliunda mamlaka mpya ya kuusimamia mlima, na safari hii Wahawaii wana viti ndani yake.